Tambi za baridi za Wajapani: namna ya kuzipika, na ya kuepukwa ndani yake

Sisi watu wa pwani tukisikia neno tambi, la kwanza litujialo ni sahani ya mwezi wa Ramadhani: tambi zilizokaangwa kwa samli hata zikageuka rangi, zikatiwa sukari, iliki na zabibu kavu, zikawekwa mbele ya mfungaji pamoja na kaimati na sambusa. Tambi kwetu ni tamu, tena ni za moto. Basi ukimwambia mama wa Kibokoni au wa Mkomani kwamba wako watu ambao huzichemsha tambi, kisha wakaziosha kwa maji baridi mara tatu nne kama aoshaye mchele, wakazitia siki na tango na barafu, wakazila hivyo hivyo zikiwa baridi, yamkini atakuuliza kama watu hao wameishiwa na kuni.

Kuni hawakuishiwa. Walichoishiwa ni hamu ya kula. Japani, ijapokuwa watu wengi huiwazia kuwa ni nchi ya theluji, ina kiangazi kikali mno. Mvua iitwayo tsuyu hunyesha kuanzia Juni hadi kati ya Julai, na ikiondoka huacha nyuma yake joto lenye unyevu, lile la nguo kuganda mgongoni tangu asubuhi. Wajapani wana neno maalumu, natsubate, yaani ule uchovu wa kiangazi unaomfanya mtu aitazame sahani ya chakula kama atazamaye deni. Msomaji anayeijua pwani yetu mwezi wa Februari na Machi, kaskazi ikiwa imeregea na upepo umelala, hahitaji kuelezwa zaidi. Wazee hula vijiko viwili wakasukuma sahani, na watoto hutaka maji tu. Ni kwa ajili ya hali hiyo ndipo tambi za baridi zilipobuniwa, na ndiyo sababu naona inafaa nasi tuzijue.

Ziko za namna nyingi, lakini zinazojulikana zaidi ni tatu.

Za kwanza ni somen. Hizi ni za unga wa ngano, nyembamba mno, karibu na zile tambi zetu za Ramadhani. Huvutwa kwa mkono huku zikipakwa mafuta zisishikane, kisha hukaushwa. Mji wa Miwa, katika jimbo la Nara, ndio unaohesabiwa kuwa kitovu chake. Huchemka kwa dakika moja na nusu au mbili tu, na mwenye kuzipika akienda kufungua mlango atarudi akute uji. Hulimbikwa katika bakuli la maji na barafu, na kila mtu akawa na kikombe chake cha mchuzi wa kuchovyea. Tarehe 7 Julai, siku ya sikukuu yao ya Tanabata, ni desturi kuzila. Na huko Takachiho, jimbo la Miyazaki, walizusha mchezo wa kuziteremsha kwa maji katika mwanzi uliopasuliwa nusu, wenye kula wamejipanga kandokando na vijiti mkononi, kila mmoja akinasa zinazompitia. Aliye mwisho wa mwanzi hula alichojaaliwa.

Za pili ni soba, rangi ya kahawia iliyofifia, ambazo unga wake si wa ngano bali ni wa mbegu za mmea mwingine kabisa uitwao kwa jina hilo hilo la soba. Aghalabu huchanganywa na ngano, sehemu nane za soba kwa mbili za ngano, kwani soba tupu hukatikakatika. Ni chakula cha kale. Kumbukumbu za hekalu moja la bonde la Kiso zataja tambi hizi mwaka 1574. Zikiliwa baridi hupakuliwa juu ya zaru, chombo cha mianzi kilichosukwa, ambacho ukikiona utasema ni ndugu wa uteo wetu, na maji yake hujichuja chini. Maji yaliyochemshia hayamwagwi: mtu akimaliza kula huyatia ya moto katika mchuzi uliobakia kikombeni akanywa. Neno moja la hadhari hapa. Wako watu ambao miili yao haiwezi kabisa kustahimili soba, hata mtu akabanwa na pumzi kwa kula kidogo tu, na sheria ya Japani yalazimisha watengenezaji waiandike wazi juu ya pakiti. Kwa hiyo usimwekee mgeni kwa kumshtukiza.

Za tatu, na hizi ndizo nitakazozikalia kitako, ni hiyashi chuka. Maana ya jina ni "ya Kichina iliyopozwa". Hii ndiyo yenye sura ya saladi hasa, maana juu yake mna rangi zote za sokoni: tango la kijani, yai la manjano, nyanya nyekundu, nyama nyeupe. Tambi za ngano za manjano zililetwa na Wachina waliohamia bandari za Yokohama, Kobe na Nagasaki, na mwaka 1910 ukafunguliwa mtaani Asakusa, Tokyo, mkahawa wa Rairaiken, ambao hutajwa kuwa ndio uliozieneza kwa watu wa kawaida. Biashara ilishamiri. Lakini kila kiangazi kilipoingia wateja walitoweka, kwani nani anywe supu ya moto katika chumba kisicho na hata pangaboi? Watu wa Sendai wasema ni mkahawa wao wa Ryutei uliotoa dawa mwaka 1937, kwa kuzipoza tambi na kuzitia siki. Watu wa Tokyo wasema hapana, ni mkahawa wa Yosuko Saikan wa Jimbocho, mwaka 1933, ambao ulivipanga viungo vishuke kutoka kileleni mfano wa Mlima Fuji, kila upande na majira yake ya mwaka. Mimi sitaingia kati ya wenyewe. Ni kama sisi na biriani.

Mpaka leo kiangazi kikikaribia, mikahawa ya Japani hutundika karatasi mlangoni yenye maneno ya kusema tu kwamba hiyashi chuka imeanza, na wapita njia wakajua majira yamegeuka. Zikifika siku za baridi huondolewa. Mwaka 1975 mpiga piano wa jazi, Yamashita Yosuke, aliona uchungu kuwa chakula hicho hakipatikani wakati wa baridi, akaunda chama cha nchi nzima cha wapenzi wa hiyashi chuka, na waandishi na wachekeshaji wenye majina wakaingia. Mimi chama hicho nimekipenda bila ya kuonja kitu.

Sasa tuje kwenye lile ambalo kwa msomaji Mwislamu ni zito kuliko ladha. Atakayeshika maelezo ya kupika ya Kijapani na kuyafuata neno kwa neno atajikuta mahali asipotaka. Kwanza, zile nyama nyembamba za rangi ya waridi zinazopangwa juu ya hiyashi chuka ni za nguruwe, na hilo halina mjadala. Pili, ule mchuzi wa kuchovyea soba na somen karibu kila mara hutiwa mirin. Mirin ni pombe tamu ya mchele, na ile ya asili ina ulevi wa sehemu 14 hivi katika kila 100. Mpishi wa Kijapani haitii ili alewe. Ataka utamu na mng'aro. Naye atakwambia kwamba huichemsha kwanza ulevi uruke. Lakini kuchemsha kidogo hakuutoi ulevi wote, na kwa hali yoyote kilichomiminwa sufuriani kilikuwa ni pombe. Mimi naona hapa pasitafutwe hila. Iachwe. Sukari na maji vyatosha kushika mahali pake, na atakayeonja hatajua kilichopungua. Zipo pia chupa zinazoitwa "mfano wa mirin", zenye ulevi usiofika sehemu moja katika 100, lakini kwa nini mtu ajitie katika hesabu hizo na sukari ipo kabatini?

Ya tatu ndiyo yenye maneno zaidi, nayo ni sosi ya soya. Hii hutengenezwa kwa soya na ngano zilizooteshwa ukungu maalumu, zikawekwa katika maji ya chumvi zichachuke kwa miezi. Katika kule kuchachuka, ulevi kidogo hujitokeza wenyewe, kiasi cha sehemu mbili katika 100 au zaidi kidogo. Tena viwanda vingi huongeza ulevi mwingine kwa makusudi, ili sosi isiote ukungu chupani. Wanavyuoni wametofautiana katika jambo hili: wako wanaoona kwamba kilichojitokeza chenyewe, kikawa kichache kisicholevya hata kikinywewa kwa wingi, hakimharamishi mtu kitoweo chake, na wako wanaopendelea mtu akae mbali. Mimi si mufti, na mwenye shaka amwulize mwanachuoni wake. Ninaloweza kusema ni hili la sokoni: soma karatasi ya chupa. Ikiwa neno alkoholi limeandikwa katika orodha ya vilivyomo, basi imetiwa, haikujitokeza. Na siku hizi zipo sosi za soya zenye muhuri wa halali, hata zinazotoka Japani kwenyewe, kwani huko nako kuna Waislamu waliohangaikia suala hili miaka mingi. Msikiti wa Kobe ulifunguliwa mwaka 1935.

Ama siki, hiyo haina taabu, na sifa yake katika hadithi ni mashuhuri.

Kabla ya kufika jikoni, hapana budi nitaje supu ambayo ndiyo roho ya mapishi yote hayo, dashi. Hutolewa katika mwani mpana na mnene uitwao kombu, pamoja na samaki mkavu wa jamii ya jodari na sehewa. Samaki huyo hutokoswa, akafukizwa moshi tena na tena, akaanikwa, na aina bora huoteshwa ukungu, hata awe mgumu kama ubao wa mvule. Huparuzwa kwa chombo chenye randa kama cha seremala, akatoka maranda membamba. Miji ya Makurazaki na Yaizu ndiyo yenye kazi hiyo. Mwaka 1908 mtaalamu Ikeda Kikunae aligundua kitu kilichomo katika kombu kinachofanya ulimi upate ule utamu usio wa sukari wala wa chumvi, akauita umami. Sisi twaujua bila ya jina. Ni kile kinachomfanya mtu alambe kijiko cha mchuzi wa papa.

Na kwa kweli samaki huyo wa kufukizwa si mgeni katika bahari yetu. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika baadaye visiwa vya Maldivi, akasimulia jinsi watu wa huko wanavyomkata samaki wao vipande vinne, wakamtokosa kidogo, wakamtia katika vikapu vya makuti na kumtundika moshini, kisha wakamuuza nchi za mbali. Maldivi wangali wakimfanya hivyo leo. Ni kazi ile ile ya Wajapani, isipokuwa ukungu.

Asiyeipata kombu wala maranda ya samaki asivunjike moyo. Mwani unaolimwa Kibuyuni na Unguja hautafaa, maana ni wa aina nyingine, hupelekwa viwandani kutolewa kitu cha kuzitia vyakula uzito. Lakini katika nyumba nyingi za Kijapani supu ya kila siku haitokani na samaki ghali, bali na dagaa wakavu, na dagaa tunao. Chukua konzi moja ya dagaa wakavu safi, uwavunje vichwa na uwatoe matumbo, kwani hapo ndipo penye uchungu. Waroweke katika lita moja ya maji kwa nusu saa, au usiku kucha katika friji. Watie motoni, na yakianza kutokota upunguze moto, uondoe povu, uache dakika kumi. Chuja. Hiyo ndiyo dashi, na paka atakutafuta.

Tambi nazo zisikutie wasiwasi. Zile za manjano za Kichina hupata rangi yake na kule kutafunika kwake kutokana na maji ya magadi waliyokandiwa unga wake, wayaitayo kansui. Ukichunguza utakuta kilichomo ni jamaa ya magadi yetu ya Ziwa Magadi, yale yanayotiwa katika maharagwe yawahi kuiva. Wajapani wanaoishi ugenini wamegundua njia: huchukua spageti nyembamba kabisa na kuzichemsha katika maji yaliyotiwa soda ya kuokea keki, kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita moja ya maji. Zikitoka ni za manjano, zavutika, na harufu yake ni ya tambi za Kichina hasa. (Magadi mabichi ya sokoni nisingeyatia, kwani kipimo chake hakijulikani na usafi wake vile vile.) Angalia sufuria iwe kubwa, isijae zaidi ya nusu, maana maji yenye soda hufura ghafla yakazima jiko.

Basi kwa watu wanne, tayarisha mchuzi kwanza, uwahi kupoa. Vijiko sita vya mezani vya sosi ya soya, sita vya siki, vitatu vya sukari na vinane vya ile supu ya dagaa. Siki yao ni ya mchele, nayo ni pole. Yetu nyeupe ya dukani ni kali zaidi, kwa hivyo tia vijiko vinne tu, na kilichobaki ukamulie ndimu. Ipashe moto kidogo sukari iyeyuke, ipue, kisha utie vijiko viwili vya mafuta ya ufuta na tangawizi iliyoparwa. Mafuta ya Kijapani ni ya ufuta uliokaangwa, meusi na yenye harufu kali. Uto wetu wa simsim ni mweupe na hauna harufu hiyo. Dawa yake ni kuzikaanga simsim zenyewe kavu katika kikaango mpaka zianze kuruka, ukazitwanga nusu nusu, ukazitia. Weka mchuzi katika friji.

Na yule ambaye moyo wake haukubali sosi ya soya ya aina yoyote asiachwe nyuma. Afanye mchuzi mweupe, ambao Wajapani pia wanao: supu ya dagaa iliyokolea, chumvi, ndimu, sukari kidogo, uto na simsim. Kwangu mimi huo ndio unaoelekea zaidi ulimi wa pwani.

Vya juu yake: mayai matatu, uyapige na chembe ya chumvi, uyakaange kiwanda chembamba kama karatasi, moto mdogo, pande zote mbili hata yaive sawasawa, kisha ukunje na kukata nyuzi nyuzi. Tango, likatwe vivyo hivyo, nyembamba na ndefu. Nyanya vipande. Mahali pa ile nyama ya haramu weka kidari cha kuku kilichotokoswa na kuchambuliwa, au kamba, au kaa. Wajapani wenyewe huvitumia. Na bamia! Wengi hawajui kwamba Wajapani ni walaji wakubwa wa bamia, nao huziita okura. Huzitia katika maji ya moto dakika moja tu, wakazikata visahani, na ule mlenda ambao watoto wetu huukimbia wao ndio wanaoutaka, hasa juu ya soba na somen.

Mwisho tambi. Gramu 400 za spageti nyembamba, katika maji mengi yenye soda, uzichemshe dakika moja au mbili zaidi ya zilivyoandikwa, kwani maji baridi huzikaza. Zimwage katika chungio. Sasa zioshe, na hapa ndipo wengi huharibu. Si kuzimwagia maji ukaondoka, bali kuzisugua kwa mikono miwili chini ya maji, kama afuaye kitambaa laini, hata ule utelezi wa unga utoke wote na ladha ya soda ipotee. Usipofanya hivyo zitashikana zikawa donge, nazo zitanuka sabuni.

Lakini fahamu kwamba baada ya kuoshwa haziendi tena motoni. Maji ya kuoshea ya mwisho, na barafu pia, ndiyo yatakayoingia tumboni. Huko Japani hufungua bomba wakanywa. Sisi ambao maji yetu mara nyingine hutoka kisimani au katika gari la mikokoteni, na ambao kipindupindu hatukisomi vitabuni tu, hatuna ruhusa ya kupuuza hili. Osha kwanza kwa maji ya kawaida, na suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Barafu nayo iwe ya maji hayo hayo. Wala zisilazwe mezani; pika zitakazoliwa saa ile.

Zikamue maji vizuri, zipange katika sahani ziwe kichuguu, viungo vishuke pande zote kila rangi mahali pake, na mchuzi umwagiwe wakati wa kula, si kabla. Wenyewe hula kwa vijiti na kuzivuta kwa mvumo unaosikika meza ya pili, na kwao si utovu wa adabu. Wewe tumia uma, na mbele ya wakwe usivume.

Pembeni mwa sahani huwekwa haradali kali kiasi cha ncha ya kijiko, na watu wa sehemu za Nagoya huongeza mayonezi, jambo ambalo Wajapani wengine hulicheka. Haradali hiyo huchanganywa kidogo kidogo na kila tonge, na asiyeipenda huiacha pale pale ilipo.